Reale zote ni za 1780

Isiolo ni mji ambao swali la nani alitangulia halipoi. Agiza chai katika hoteli yoyote ya Bula Pesa, keti kimya, na kabla kikombe hakijaisha utakuwa umesikia kisima fulani kilichimbwa na babu wa nani, kaburi la nani limefunikwa na ukuta wa duka la nani, na ni nani aliyeletwa juzi tu na lori la serikali. Mborana ana ushahidi wake, Msomali ana wake, Mmeru, Msamburu na Mturkana vilevile. Na tangu ilipoanza kusemwa kwamba reli, bomba la mafuta na barabara kuu kutoka Lamu zitapita hapa, ushahidi wa kila aina umepanda bei.

Mmoja wa ushahidi huo nimeushika kwa mkono wangu. Ulikuwa wa fedha, mpana kama sentimita 4, una sura ya mwanamke mnene aliyefunika nywele kwa shela upande mmoja na tai mwenye vichwa viwili upande wa pili, na kando ya mabawa ya tai paliandikwa 1780.

Nilikuwa mwalimu mchanga wa historia wakati huo. Paliitishwa kikao cha wazee kuhusu kipande cha malisho. Sitataja ukoo wala mahali, maana shauri lenyewe bado lina moto. Upande mmoja ulizungumza habari za mabwawa na makaburi, na karani aliyekuwa akiandika alionekana kuchoka, kwa sababu makaburi hayana namba. Ndipo akasimama mzee ambaye nitamwita Haji, kwa kuwa ndivyo mji mzima ulivyomwita. Akatia mkono ndani ya koti, akatoa kitambaa, akakifungua, akanipa ile fedha.

“Mwalimu, wewe unajua maandishi ya Kizungu. Hebu wasomee.”

Nikasoma nilichokiona: elfu moja mia saba na themanini.

“Mmesikia? Hapo Mzungu hajaikanyaga Mombasa, na babu yangu yuko hapahapa Isiolo na pesa mfukoni!”

Wareno waliojenga Ngome ya Yesu kuanzia 1593 wangekuwa na la kusema juu ya hilo, lakini hawakuwepo kikaoni. Karani alikuwepo, na uchovu ukamtoka. Akaandika namba ile haraka, akaipigia mstari. Kufika mwaka uliofuata nilikuwa nikisahihisha kazi za wanafunzi, nikakuta mmoja ameandika bila wasiwasi kwamba wenyeji wa Isiolo walianza kutumia pesa mwaka 1780. Nilimwuliza ameitoa wapi. Akanijibu kwamba kila mtu anajua.

Aliyenifungua macho hakuwa mtu wa vitabu. Msafiri anayepita Isiolo kwenda Marsabit huwajua vijana wanaoinua vikuku vya shaba na alumini hadi kwenye madirisha ya mabasi. Ni wachache wanaojua kwamba nyuma ya biashara hiyo kuna mafundi ambao ufundi wao ni wa kurithi. Waborana huwaita tumtu, na kwa desturi ya zamani watu wengine hawakuoana nao, ingawa hapakuwa na arusi iliyofana bila kazi za mikono yao. Fundi niliyezoea kukaa kwake alikuwa na banda la mabati. Fuawe lake lilikuwa kipande cha ekseli ya lori kilichochomekwa kwenye gogo, na makaa aliyapuliza kwa feni iliyozungushwa na rimu ya baiskeli. Mizani pekee ndiyo ilikuwa kitu cha heshima: ya shaba, ndogo, iliyofungiwa kwenye sanduku lenye kitambaa chekundu kilichopauka. Nilimsimulia kikao kile na pesa ya Haji. Hakuinua macho kutoka kwenye kazi.

“Mwalimu, mimi nimeyeyusha reale kama hiyo tangu marehemu baba anifundishe kushika koleo. Ya 1779 sijaiona. Ya 1781 sijaiona. Wewe hilo halikuwashi?”

Akavuta kopo la maziwa ya unga chini ya benchi, akamimina reale zilizokuwa zikingoja moto juu ya gunia. Moja ilikuwa imeshikishwa kitanzi cha kuvalia shingoni, na sura ya yule mwanamke imelika kwa jasho la shingo nyingi hata pua haipo. Nyingine ilikuwa nyeupe na kali pembeni kana kwamba imetoka mashineni wiki ile. Zote zilisema 1780. Fundi akaiangusha moja juu ya chuma, kisha nyingine, akanitaka nisikilize. Mimi sikusikia tofauti yoyote, yeye akacheka. Akanionyesha mkia wa tai. Kwenye hii manyoya yamekaa hivi, kwenye ile yamekaa vile. Akanionyesha kipini cha begani kilichozungushiwa lulu. Huyu na huyu, akasema, hawakuchorwa na mkono mmoja. Hakuwa amesoma popote kwamba sarafu hizo zilitoka viwanda tofauti, katika nchi tofauti, kwa miaka tofauti. Alilijua hilo kwa vidole.

Vitabu nilivyovitafuta baadaye vilimuunga mkono kwa kila neno. Mwanamke yule ni Maria Theresa wa Austria, aliyefariki tarehe 29 Novemba 1780. Sarafu yake ilikuwa imeaminiwa mno na wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Yemeni, Uhabeshi na pwani yetu. Uzito wake haukubadilika, gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu elfu, 833 ni fedha safi. Mkulima wa kahawa wa Yemeni au mwuza pembe wa Harar akizoea uso fulani hataki mwingine. Akiletewa sarafu ambayo lulu za begani hazikutimia aliirudisha. Basi kiwanda cha Vienna, badala ya kubishana na wateja, kikaendelea kuipiga chapa ileile, na mwaka uleule wa mwisho wa malkia, baada ya yeye kufa na wajukuu zake nao kufa. Mwaka 1858 Austria yenyewe iliacha kuitambua kama pesa halali nyumbani, lakini haikuacha kuitengeneza. Zanzibar hesabu za karafuu na pembe zilifanywa kwa reale, na hii ya Maria Theresa wazee wa pwani waliiita reale ya Sham. Hadi leo Vienna huitengeneza, na hadi leo huandika 1780.

Kisha ikaja siasa. Mwaka 1935 Mussolini, akijiandaa kuivamia Uhabeshi, alihitaji pesa ambayo Mhabeshi angeipokea, akapatana na Austria ahamishiwe kalibu. Roma ikaanza kupiga reale. Mwingereza, Mfaransa na Mbelgiji hawakukubali kuachwa. London ikaanza kupiga zake 1936 na haikuacha hadi 1961. Paris na Brussels zikapiga zao. Vita vilipofika huku kwetu, Bombay nayo ikapiga nyingi sana mwaka 1940 na 1941 kwa ajili ya majeshi yaliyokuwa yakielekea Uhabeshi, na majeshi yaliyotoka Kenya yalipitia njia za kaskazini, hii ya Isiolo ikiwa mojawapo. Roma, London, Paris, Brussels, Bombay, na zote zimeandikwa 1780.

Mtu akijua hayo, swali la reale ya Haji hubadilika. Kusoma namba hakusaidii kitu. Inabidi kuuliza imepita mikono gani.

Nilimwendea nyumbani jioni, bila karani. Kwa heshima ya umri wake sikuanza na Austria. Tulikunywa chai ya maziwa ya ngamia, tukazungumza mvua, tukazungumza bei ya mbuzi, kisha nikamwuliza baba yake aliipata vipi fedha ile. Hakusita hata kidogo. Baba aliuza ngamia dume kwa Mhabeshi, mmoja wa wale waliokimbia Mtaliano wakawekwa kambini hapa Isiolo. Mhabeshi alikuwa amezishonea reale ndani ya joho. Hiyo ilikuwa, akasema, kabla Mtaliano hajaichukua Moyale.

Nikabaki nimeduwaa. Kambi ya wakimbizi wa Uhabeshi na Eritrea hapa Isiolo ni jambo la historia. Serikali ya kikoloni iliianzisha 1937, na baadaye ikawahamishia wakimbizi Taveta. Moyale ya upande wa Kenya iliangukia mikononi mwa Waitaliano Julai 1940. Mzee ambaye hajawahi kushika kitabu cha historia alikuwa ameifungia sarafu yake ndani ya miaka mitatu, na ushahidi wake wote ulikuwa ngamia mmoja na joho. Ni kazi ambayo mtaalamu wa sarafu mwenye darubini angeionea wivu. Na mtu yuleyule alikuwa amesimama mbele ya kikao akasema 1780.

“Haji,” nikamwambia, “hiyo ya ngamia mbona hukuisema siku ile?”

“Niliisema ya ngamia kwenye kikao cha kwanza, kabla hujaja. Karani hakuandika. Akaniuliza, mzee, tarehe? Sasa nikamletea tarehe.”

Nimelitafakari jibu hilo kwa miaka mingi, na nadhani ndilo kiini cha jambo lote. Tarehe potofu za sarafu haziishi kwa sababu watu ni waongo. Zinaishi kwa sababu ofisi imefundishwa kuamini kilichochongwa na kudharau kilichosemwa. Ukoo unaoweza kukutajia aba gada kwa aba gada, kiongozi kwa kiongozi, kila mmoja na miaka yake 8, na nani alizaliwa chini ya nani na ng’ombe walikufa chini ya nani, huambiwa hauna tarehe. Kipande cha chuma kilichotengenezwa London wakati wa utoto wa Haji huambiwa kinayo. Mtu mwenye akili akiona hivyo atafanya nini? Atatafuta chuma.

Kikao kilichofuata sikuhitaji kusema neno. Upande wa pili nao walikuwa wamefanya kazi yao. Mzee wao alisimama, akafungua kitambaa chake, na juu ya meza ikatua reale ya pili. 1780. Watu wakaangaliana. Mama mmoja aliyekuwa nyuma, mwuza maziwa, akasema kwa sauti, “Basi mlikuja kwa basi moja!” Kikao kikaangua kicheko, hata Haji akafuta machozi. Shauri halikuisha siku ile. Lakini zile fedha zilirudi mifukoni, na wazee wakarudi kwenye visima, ambako kila upande ulikuwa na mambo ya kweli ya kusema.

Tangu hapo nikawa siamini namba yoyote ya sarafu kabla sijaihoji. Ugonjwa huo haukubagua hata nyumbani. Akko, mama yake mama, aliacha kopo la majani ya chai lenye vipande vya mkufu, vifungo vya shati la askari na sarafu mbili ambazo abuya wangu, yaani mjomba, alizipenda kuliko vyote. Moja ilikuwa senti 10 ya Afrika Mashariki ya shaba, yenye tundu katikati, taji juu ya tundu, pembe mbili za ndovu upande wa pili, jina la Edward wa Nane na mwaka 1936. Nyingine ilikuwa ya Uhabeshi, kichwa cha Haile Selassie na simba mwenye bendera. Namba zake ni za Kigeez, na kwa kuwa abuya alisoma shule ng’ambo ya mpaka aliweza kuzisoma: 1936. Akajenga hadithi tamu sana. Mwaka mmoja, sarafu mbili, wafalme wawili: mmoja alikimbia kiti chake mwenyewe kwa ajili ya mwanamke, mwingine akakimbizwa kwenye kiti na Mtaliano. Na Akko, abuya alisema, alizipokea zote mwaka huo akiwa msichana.

Hadithi ina nusu iliyo kweli tupu. Edward alirithi Januari 1936, akajiuzulu Desemba mwaka huohuo. Kwao Uingereza hakukutolewa sarafu za kutumika madukani zenye jina lake, lakini huku zilishatolewa, na kwa kuwa senti zetu zenye tundu hazikuwa na nafasi ya kichwa cha mfalme, jina tu lilitosha. Haile Selassie naye aliondoka Addis Ababa mwanzoni mwa Mei 1936. Ila 1936 ya sarafu yake ni ya kalenda ya Kihabeshi, iliyo nyuma ya hii yetu kwa miaka 7 au 8. Mwaka wao wa 1936 ulianza Septemba 1943. Mfalme alikuwa amekwisha kurudi mjini kwake tangu Mei 1941, na sarafu ile ilikuwa ya utawala uliosimama tena. Juu ya hayo, Wahabeshi nao walifanya kama Vienna: waliendelea kuipiga kwa miaka mingi bila kubadilisha mwaka. Sarafu ya Akko ingeweza kuwa ya 1944, na ingeweza kuwa ya siku ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nikilambishwa asali.

Abuya hakufurahi. “Umeniharibia hadithi, na hukunipa nyingine.” Alikuwa na haki yake.

Kumbe basi katika kopo moja la Isiolo mna kalenda mbili, na ukishuka hadi Mombasa unaongeza ya tatu. Rafiki yangu wa huko alinionyesha ile pesa ya shaba ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, yenye mizani upande mmoja. Wengi huitaja kama sarafu ya kwanza ya nchi hii na kuishia hapo: 1888. Mimi nilitaka kuiangalia kwa sababu ina miaka miwili, 1888 ya Kizungu na 1306 ya Hijria. Hapo kazi inapendeza. Mwaka 1306 uliingia, kwa Mfunguo Nne mosi, tarehe 7 Septemba 1888. Kampuni yenyewe ilipewa hati ya kifalme tarehe 3 Septemba mwaka huo, siku nne tu kabla. Kwa hiyo 1888 na 1306 zinakutana katika kipindi kifupi tu, kuanzia wiki ya kwanza ya Septemba hadi Desemba 31. Mchongaji aliyeziweka pamoja alikuwa akiufikiria mwisho wa mwaka ule, Kampuni ikiwa bado mbichi, na amri yake juu ya bara ikiwa ni karatasi. Miaka miwili ikipatana inakupa kitu ambacho mmoja hauwezi.

Fanya hivyo na pesa za Sayyid Barghash wa Unguja na utaona mambo yanavyolegea. Zile za 1304 orodha za wauzaji huziandika 1887. Lakini mwaka 1304 ulianza mwisho wa Septemba 1886. Robo ya mwaka imepotea kwa sababu mtu alitaka namba moja tu katika safu yake.

Na hata tukikubali miezi minne ile ya 1888, tumepata siku ya kuzaliwa kwa sarafu, hatujapata siku ya kufika kwake kazini. Mwaka 1892, miaka minne baada ya namba ile kuchongwa, Mmarekani William Astor Chanler alipita katika nchi hii ya Ewaso Nyiro akitafuta kinamasi cha Lorian, na maporomoko kwenye mto huo bado yana jina lake. Wapagazi wake hawakubeba magunia ya pesa za Kampuni kwa ajili ya kununulia chakula. Walibeba shanga, waya na nguo, maana ndizo zilizokuwa fedha za huku, na mtu aliyekosea rangi ya shanga alilala njaa. (Mwenzake wa safari, Ludwig von Höhnel, alikuwa Mwaustria, nchi ya reale yetu. Sidhani kama yeyote kati yao alilicheka hilo.) Anayesema Kenya ilianza kutumia pesa 1888 anazungumzia mtaa mmoja wa Mombasa.

Nisieleweke kwamba kila sarafu ni shahidi wa uongo. Florini ya 1920 naiamini kabisa. Baada ya vita vya kwanza rupia ilipanda thamani hadi biashara ikayumba. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa Desemba 1919, ikaleta florini badala ya rupia, na haikupita muda ikaleta shilingi, ambazo za kwanza zimeandikwa 1921. Florini iliishi maisha mafupi kiasi kwamba ukiikuta chini ya sakafu ya nyumba ya zamani unaweza kuitegemea. Pesa iliyoshindwa haraka huweka tarehe vizuri. Iliyofanikiwa, kama reale, huishi sana hata tarehe inapoteza maana.

Wala si sisi wa hotelini tu tunaopotea. Sarafu za kale za Kilwa hazina mwaka hata mmoja, kwa hiyo wasomi walilazimika kukisia kutokana na majina ya masultani. Ali bin al-Hasan, ambaye sarafu zake zimeenea sana, Neville Chittick alimweka karibu na mwaka 1200, na kwa muda ndivyo ilivyokubalika. Kisha mwaka 1984 ikapatikana hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba. Vijisarafu vya fedha zaidi ya 2,000, na pamoja navyo dinari chache za dhahabu za Wafatimi ambazo zina miaka yake. Jina la Ali bin al-Hasan lilikuwamo humohumo. Sultani akarudishwa nyuma hadi karne ya 11. Mtu mkubwa wa akiolojia alisahihishwa na majirani wa sarafu, vitu vilivyolala nayo kwenye shimo moja. Haji angeelewa hoja hiyo upesi. Jirani wa reale yake alikuwa ngamia.

Darasani, nilipokuwa bado nafundisha, niliacha kuuliza wanafunzi sarafu hii ni ya mwaka gani. Niliwaletea sarafu ya shilingi kutoka dukani na kuwauliza maswali matatu: nani aliiandika hiyo namba, kwa kalenda ya nani, na ilikuwa wapi jana. La tatu liliwashinda, na liliwafurahisha. Mvulana mmoja alifuatilia sarafu ya shilingi 20 kutoka kwa kondakta hadi kwa mwuza miraa hadi kwa sadaka ya Ijumaa, kisha ikampotea, akaja kulalamika kwangu kana kwamba nimemwibia.

Fundi wangu bado yupo. Wanawe wameingia kwenye bodaboda, ila mmoja ameshika koleo. Reale bado zinamjia, hasa katika miaka ya ukame, kwa sababu mwenye ng’ombe waliokufa huuza cha shingoni mwa mkewe. Ni biashara yao na sina haki ya kuwazuia. Nilichoomba ni kwamba kabla ya moto nipewe nafasi ya kuipima, kuipiga picha pande zote mbili na pembeni, palipochongwa kwa Kilatini haki na huruma, na kumwuliza aliyeileta maneno machache. Nina daftari la mistari kwa kazi hiyo. Safu ya mwaka ulioandikwa nimeifuta, haina kazi. Kuna safu ya uzito, ya dalili za mkia na lulu, ya jina la ukoo kama mtu anataka kulitaja, na ile pana kuliko zote ya namna ilivyopatikana. Humo mna mahari, mna ngamia, mna mshahara wa askari aliyerudi kutoka Burma, mna moja iliyookotwa tumboni mwa mbuzi, ambayo nimeiwekea alama ya kuuliza.

Mwezi uliopita walikuja akina mama wawili, dada wa tumbo moja, na reale ya mama yao. Mkubwa alisema mama aliipata kabla ya Gaf Daba, siku zile za vita vya shifta watu walipozuiliwa kambini na mifugo ikaisha. Mdogo akasema hapana, baada yake, kwa sababu yeye anakumbuka ikifungwa shingoni mwa mama na yeye alizaliwa kambini. Mkubwa akamwambia anachokumbuka ni kufungwa kwa uzi mpya, si kwa mara ya kwanza. Wakabishana kwa Kiborana na kwa Kiswahili hadi fundi akazima feni ili asikie vizuri. Nimeandika maneno ya wote wawili, na jina la kila mmoja mbele ya maneno yake. Fedha hawakuiuza. Walisema watarudi wakishaelewana.